Barua Imepotea? Punguza Makelele, Tafuta Risiti

Barua ikichelewa, watuhumiwa huwa tayari: karani wa Posta, jirani mwenye kijicho, na wifi ambaye tangu harusi hamjapatana. Hukumu inapita kabla hata ya kufungua droo. Kisha tunashangaa mzigo hauonekani! Mzigo hutafutwa kwa karatasi, na utaratibu ni huu.

1. Hakikisha kweli umepotea. Wengi wetu hatuna sanduku letu. Tunaazima S.L.P. ya ofisini, ya shule, ya msikiti au ya kanisa. Posta ikishatia barua sandukuni, imemaliza kazi yake. Kuanzia hapo barua iko mikononi mwa tarishi, kisha katibu muhtasi, kisha mtu anayesema "nitampa mwenyewe nikimwona". Basi anza hapo. Inua madaftari ya mahudhurio, angalia chini ya kalenda za mwaka juzi, fungua droo yenye mihuri iliyokauka. Kama mzigo umetoka nje ya nchi, uliza pia kama forodha wanasubiri ulipie ushuru. Mzigo unaokusubiri wewe haujapotea.

2. Ifukue risiti. Hapa ndipo wengi tunapoaibika, maana risiti ya rejista imefungiwa karanga au imefuliwa na suruali. Barua ya rejista, EMS au kifurushi cha kimataifa huwa na namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka: TZ ni Tanzania, KE ni Kenya, OM ni Oman. Katikati hakuna herufi O, ni sifuri tu. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na zile nane za mwanzo, kwa hiyo ukikosea moja mara nyingi mtambo unagundua. Piga picha risiti hiyo ukiwa bado mbele ya kaunta. Barua ya kawaida haina namba, na ikipotea haina fidia. Anayetia noti za shilingi kwenye barua ya kawaida ili "kuokoa gharama" anamwandalia mwizi karamu.

3. Msumbue aliyetuma. Shangazi akituma kifurushi kutoka Muscat kuja Tanga, yeye ndiye mwenye risiti, na kwa kawaida fidia ni haki yake mpaka aamue kukuachia wewe. Usimnunie. Mpigie, msalimie vizuri, umwombe aende posta ya huko akafungue ulizo. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unatoa miezi 6, ikihesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Mwenye kununa miezi 7 hana cha kudai.

4. Andika. Kelele za kaunta zinasikika mpaka mlangoni, na hakuna anayezitunza kwenye jalada. Andika namba, tarehe, ofisi mzigo ulipotumwa, jina na anwani ya mpokeaji, na kilichokuwamo: "kanga doti mbili na kitabu kimoja", si "vitu vya thamani". Toa nakala mbili. Moja iache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo.

5. Ukiona dalili za wizi, usisaini haraka. Bahasha imechanwa na kubandikwa upya kwa gundi, au kifurushi ni chepesi kuliko uzito ulioandikwa: omba kipimwe na kufunguliwa mbele ya karani, na upungufu uandikwe papo hapo. Kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB. Kuiba barua ya mtu ni kosa la jinai, hata mwizi akiwa mtoto wa mjumbe.

6. Wakikupiga danadana, panda ngazi. Kwa Tanzania, msimamizi wa huduma za posta ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Lakini lazima uwe umeanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na ile nakala yenye muhuri ndiyo ushahidi kwamba ulianza.

Anayepoteza barua kwa uzembe na anayeiiba wote wanategemea kitu kimoja: uchovu wetu. Ndani ya bahasha mna cheti cha mtoto, hati ya shamba, dawa ya mzee. Usichoke. Kesho asubuhi nenda ukafungue malalamiko, na risiti usiiache nyumbani.