Baba Mdogo Si Baba

Kwetu Muheza, ukimwita ndugu wa kiume wa baba yako "mjomba", watu watadhani umepatwa na malaria. Huyo ni baba. Akizaliwa kabla ya baba yako ni baba mkubwa, akizaliwa baadaye ni baba mdogo, lakini ubaba uko palepale, na akikukuta umesimama na kijana njia ya kisimani ana haki ya kukuchapa bila kumuuliza mtu. Nimeishi na elimu hiyo miaka 27. Serikali ya Uingereza ikanisahihisha kwa sentensi moja.

Mwaka 2025 nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Leeds, pamoja na ufadhili wa ada. Ada tu. Kula, kulala na kununua koti ni juu yangu, na mwombaji wa viza ya mwanafunzi hasemi tu kwamba atakula. Anaonyesha pesa ya kulia. Kwa anayesoma nje ya London, kiwango cha wakati ule kilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi, mara miezi 9. Jumla pauni 10,224. Nilipozigeuza kuwa shilingi, simu ilinitajia zaidi ya milioni 36. Nikaizima, nikaiwasha tena, nikajua simu haina kosa.

Baba yangu mzazi ni mwalimu mstaafu mwenye mbuzi sita. Baba mdogo ana duka la vipuri Gerezani, Kariakoo. Kwa hiyo sikufikiri mara mbili: mlipaji, baba. Bahati nilisoma kanuni kabla sijatuma kitu. Kwa mtu kama mimi ambaye sijaolewa, pesa ya nyumbani inayokubalika ni yangu mwenyewe, au ya mzazi, au ya mlezi wa kisheria, na uzazi unathibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Cheti changu kina baba mmoja tu, yule wa mbuzi.

Nikaenda dukani kumweleza. Alinisikiliza huku anamfungia mteja beringi kwenye gazeti.

"Kwa hiyo kule mimi ni nani?"

"Kule wewe ni anko, baba."

"Anko," akarudia taratibu. Kariakoo nzima, wanaomwita anko ni wapiga debe na wauza maji.

Pesa alitoa hata hivyo. Aliiingiza kwenye akaunti mpya yenye jina langu, na kwa kuwa ni mfanyabiashara, aliingiza kiasi kilekile kilichotakiwa, hakuongeza hata ya soda. Sharti ni kwamba pesa hiyo ilale siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Sasa, baba mdogo hajawahi kuona pesa ikilala siku 28. Pesa yake hulala usiku mmoja chini ya godoro, alfajiri inaamka na kwenda kununua shokapu. Ikawa kila asubuhi saa 12 na nusu ananipigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wenzako wameamkaje?"

Wenzangu ni zile milioni 36.

Mimi mwenyewe nilikuwa nakopa nauli ya mwendokasi. Lakini pesa haina siri, na wiki ya pili habari zilikuwa zimefika Tanga. Shangazi akanikumbuka kwa mara ya kwanza tangu nimalize kidato cha nne. Paa lake, kumbe, lilikuwa linavuja miaka yote hiyo likinisubiri. Binamu akatuma picha ya bodaboda, bila maneno. Kamati ya harusi ya dada yangu ikaniandikia ahadi ya milioni mbili na kuitangaza kwenye kundi la WhatsApp, watu wakapiga makofi ya vikaragosi kabla sijaamka. Kila niliyemweleza kwamba pesa ile ipo lakini haipo aliitikia "sawa" kwa sauti ya mtu anayeweka jambo moyoni.

Tarehe 30 Juni, siku ya 20, benki ikakata ada yake ya mwezi. Makato yenyewe hayafiki bei ya chipsi mayai. Ila salio lilikuwa limekaa ukingoni, likaanguka, na hesabu ya siku 28 ikarudi kwenye moja. Nilimpigia baba mdogo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo pesa yangu imefeli. Inarudia darasa." Akaongeza laki mbili za ulinzi.

Safari hii ikafaulu. Nikalipa pauni 524 za maombi, na pauni 1,164 za huduma ya afya ya huko, maana yake nimelipia ugonjwa kabla sijaugua. Kifua nilikuwa nimeshakipiga picha nikapewa cheti kwamba sina kifua kikuu. Cheti hicho hudumu miezi 6, kwa hiyo nacho kilikuwa kinazeeka huku tukiisubiri pesa iamke. Ikabaki miadi ya kuchukuliwa alama za vidole, Jumatatu ya tarehe 11 Agosti. Harusi ya dada ilikuwa Jumamosi, tarehe 9.

Nadhani umeshaelewa. Ijumaa usiku nilimwambia mama sipaki hina. Akaniuliza kama nimefiwa. Wakanipaka viganja, na ncha za vidole wakazichovya piko nyeusi ti. Jumatatu, dada wa kwenye kituo aliitazama mikono yangu kwa huruma. Vidole vinatakiwa viwe safi, bila hina wala kidonda. Nilijaribu limau, dodoki, dawa ya meno na mchanga wa ufukweni. Hina iliyokolea haitoki. Na yangu, kila mtu harusini alikuwa amesifu ilivyokolea. Nilipanga miadi mingine wiki mbili mbele, nikawa nafua nguo za majirani bure.

Jibu likaja katikati ya Septemba kwa barua pepe. Nimekubaliwa. Jioni hiyohiyo nikaenda Gerezani kumpa habari baba mdogo. Akavaa miwani, akaomba pasipoti, akaifungua ukurasa mmoja mmoja hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Viza iko wapi?"

Kuanzia Julai mwaka huo huo viza ya mwanafunzi haibandikwi tena kwenye pasipoti. "Iko kwenye intaneti, baba."

Akaigeuza pasipoti, akaitikisa kidogo juu ya meza, hakikudondoka kitu.

Pesa yake nimemrudishia yote, pungufu ya makato ya benki, shilingi 11,400. Ananidai mpaka leo, na tangu nifike huku anataka nimlipe kwa pauni, kwa kiwango cha siku.