Ombi la Kibali cha Kuwatafiti Watafiti

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakulima wa pamba na wafugaji wa Igunga ni wahojiwa wazoefu. Wazee wetu Wanyamwezi walimbebea msafiri Mwingereza Burton mizigo hadi Tabora mwaka 1857, naye akarudi nyumbani kwake kuandika tabia zao. Siku hizi watafiti wanatuhesabia kuku, milo na wake. Tukiulizia majibu, tunaambiwa yako kwenye jarida, kwa Kiingereza, na kulisoma ni kwa dola. Basi nasi tunaomba kibali.

Lengo: Kubaini kwa nini mtafiti hufika na maswali yaliyokwisha kuandikwa, na kwa nini swali letu, mizani ya pamba inakaguliwa na nani, halimo katika dodoso lolote.

Mbinu: Tutavamia vyuo wakati wa mitihani, kama wao wanavyotuvamia wakati wa palizi. Mhadhiri atahojiwa kwa muda wa saa mbili kwa Kinyamwezi; akieleza kwa nusu saa, mkalimani wetu ataandika, "Anakubali." Atasaini hati ya ridhaa asiyoielewa, kisha atapewa soda.

Matokeo: Yatachapishwa kwa Kinyamwezi na kutunzwa Igunga. Kuyasoma ni gunia moja la mpunga.

Mapitio ya tafiti zilizotangulia: Jirani zetu wa Shinyanga walipata mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) mwaka 1986. Wataalamu walianza na vitalu vya miche, baadaye wakawauliza wazee wanavyotunza malisho ya kiangazi. Wakajibiwa: ngitili, yaani eneo la malisho linalotengwa na kupumzishwa. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudisha uoto, na mwaka 2002 ikaja Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kitaaluma kazi ile ina dosari kubwa: wahojiwa walilielewa swali, na faida ikabaki kijijini.

Endapo ombi letu litakataliwa, tunaomba masharti mawili tu kwenye vibali vya wengine. Kabla ya dodoso, mtafiti aketi kwenye mkutano wa kijiji achukue maswali yetu. Kabla ya joho, arudi kwenye mkutano uleule na majibu, kwa Kiswahili.

Ada ya kibali tutalipa tukishauza pamba, mizani ikiridhia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wahojiwa wa Igunga