Usaili wa Mtafiti wa Watumiaji

Usaili wa mtafiti wa uzoefu wa watumiaji katika kampuni kubwa za teknolojia za California huanza kwa simu ya afisa ajira, kisha meneja. Baadaye msailiwa huwasilisha kazi zake za awali mbele ya jopo, ilhali mara nyingi mkataba wa siri aliousaini kwa mwajiri wa zamani unamkataza kuzionyesha. Hapo hupimwa ufundi wa kusimulia bila kutaja, ambao, ajabu, haumo kwenye tangazo la kazi. Kisha hufuata usaili wa ana kwa ana na wasaili, mmoja mmoja. Mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua kasoro nyingi za tovuti. Lakini hapa wasaili 5 hawatoshi kummaliza mtu mmoja. Msailiwa akikataliwa, hupata barua pepe fupi, kutoka anwani isiyopokea maoni ya mtumiaji.