Bibi Anasema

Ngoma niliinunua ng'ambo, Busia ya Uganda, siku ya jua kali. Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Ngozi iliyopigwa na jua humlilia vizuri hata asiyejua kitu. Nikapanda boda, ngoma mapajani, nikavuka mpaka kifua mbele. (Jina boda lenyewe lilizaliwa mipakani huku, enzi za baiskeli zilizokuwa zikiwabeba watu kutoka geti la nchi moja hadi la nyingine.)

Ilikuwa Aprili. Usiku ule mvua ikanyesha hadi alfajiri, na asubuhi nilipoipiga mbele ya mama watoto, ikatoa mlio wa gunia la unga lililoangushwa sakafuni. Alhamisi hiyo. Kwaya ya kigango ilikuwa ikiisubiri Jumapili, nami ndiye niliyejigamba kuileta.

Nikachukua spana. Ngoma pekee nilizowahi kuona zikirekebishwa ni zile za bendi zenye bolti pembeni: unakaza hii kidogo, unaruka upande wa pili unakaza mwenzake, ukizunguka hivyo mpaka ngozi ilingane. Nikaizunguka yangu mara tatu nikitafuta pa kukazia. Hakuna. Ni mikanda ya ngozi tu, inapanda na kushuka ubavuni, imeshika ngozi ya juu na ya chini kama kamba za viatu.

"Ipashe moto," jirani akasema. Ni kweli, ngozi hunywa unyevu ikalegea, joto likiukausha hukaza. Lakini hakuniambia umbali. Nikaiegemeza kwenye jiko la makaa, nikaenda kuangalia mpira. Kabla ya mapumziko nikasikia paa! Kuku wakatawanyika. Nilikuta ufa umetoka ukingoni hadi katikati. Wahenga husema ngoma ikilia sana hupasuka. Yangu ilipasuka hata haijaanza. UNESCO iliiorodhesha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 kati ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Sijui nani angeilinda hii yangu na mimi.

Mama watoto akampigia mamaye simu Tororo. Marehemu babu yao alikuwa akiwamba fumbo, ile ngoma ndefu ya Wapadhola. Sisi wengine tukisikia fumbo tunajua ni kitendawili, na wiki ile sikuona tofauti.

Ijumaa mama mkwe akavuka kwa miguu na ngozi ya mbuzi iliyokunjwa ndani ya mfuko mtupu wa saruji. Kwa desturi yetu mkwe hatupeani naye mikono wala halali kwangu. Basi yeye akakaa chini ya mwembe, mimi kibarazani nimempa mgongo nusu, na kijana wetu wa darasa la tatu akawa posta.

"Bibi anasema uiloweke mpaka kesho."

Beseni kubwa nyumbani ni moja, la kufulia sare za shule. Nikaloweka. Jioni mama mkwe akarudi kulala kwa dada yake ng'ambo, na usiku mbwa akaja. Asubuhi tulikuta beseni limepinduliwa na kupasuka, maji yenye harufu ya zizi yameingia kwenye sare, na pembe moja ya ngozi imeliwa. Iliyobaki ilitosha mdomo wa ngoma, vidole viwili vya ziada. Tangu hapo mama watoto hakunisemesha.

Jumamosi tukawamba.

"Bibi anasema mikanda nayo uilaze majini kwanza, ikiwa mikavu itakatika."

"Bibi anasema usivute upande mmoja ukaumaliza. Vuta hapa, halafu uende ng'ambo yake."

Kumbe bolti za bendi zilikuwa zikisema lilelile! Nikavuta, nikaruka, nikavuta, ngozi ikiteleza mikononi kama kambale. Nilipotaka kuikaza kabisa, posta akaja mbio.

"Bibi anasema iache hapo. Bado mbichi, itajikaza yenyewe ikikauka. Na usiianike juani."

Jumapili kwaya ilipiga dumu la maji. Nilikaa benchi la nyuma.

Ngoma ikakaa kivulini siku nne, juu ya kabati, mbali na mbwa. Jumatano mama mkwe akavuka tena. Aliinamisha sikio, akaigonga kwa ncha ya kidole kuuzunguka ukingo wote, akasimama mahali pamoja, akagonga tena. Hata mimi nilisikia: pale sauti ilikuwa chini kidogo. Kijana akaniletea kabari ya mti, fupi kama kidole gumba. Nikaichomeka chini ya mkanda wa upande ule, nikaigongagonga kwa mpini wa spana, kazi pekee spana iliyopata. Akagonga tena kwa kidole. Kisha kwa kiganja.

Kuku wakatawanyika upya.

Posta akaja akitembea, safari hii bila haraka.

"Bibi anasema inalia. Halafu mama anasema beseni."