Boliti ya Oili na Wanaume Wenye Nguvu

Kuna watu wanaoamini kwamba boliti isipolia haijakaza. Honda CG125 yangu imepita mikononi mwa watu hao kwa miaka mingi, na bahati mbaya hawazeeki.

Honda walianza kuiuza pikipiki hii mwaka 1976, wakizilenga nchi ambako chombo kimoja hubeba familia, gunia la mkaa na mbuzi, na oili hubadilishwa mwenyewe akikumbuka. Valvu zake husukumwa kwa vijiti, si kwa mnyororo wa ndani unaodai kuangaliwa kila mara. Mnyororo wa tairi la nyuma nao waliufunika wote, vumbi lisiuone. Wahandisi wale walifikiria kila balaa, isipokuwa fundi wa mtaani kwetu mwenye spana namba 17 na kipande cha bomba la maji cha kurefushia mpini.

Boliti ya kumwagia oili ni chuma. Tumbo la injini ni aluminiamu. Vikishindana, aluminiamu ndiyo inayopisha, tena kimyakimya: leo uzi unalegea kidogo, mwezi ujao kidogo tena, mpaka siku boliti inatoka na uzi wote wa tundu umejiviringa juu yake kama tambi kwenye uma. Fundi aliinua ile boliti juani, akasikitika kwa dhati.

"Bosi, aliyekufungia hii mara ya mwisho ni fundi gani?"

"Ni wewe."

Akaigeuza, akaitazama upande wa pili. "Basi wa kabla yangu."

Huyo wa kabla yake namfahamu vizuri, ingawa hakuna aliyewahi kumwona. Ndiye aliyeharibu kabureta, akafunga breki kinyume, akapoteza skrubu za taa. Hana gereji, hana simu, lakini kazi zake zimejaa nchi nzima.

Kilichofuata ni ushauri wa bure. Tepu ya mafundi bomba ilishika mpaka injini ilipopata moto. Dereva mmoja wa bodaboda akanichongea washa kwa kisigino cha kandambili, nayo ikafanya kazi kwa heshima mpaka njia panda ya kwanza. Mwingine akaleta gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa, na kusema kweli ilikomesha mvujo kabisa. Tatizo la gundi ile ni kwamba oili ikifika wakati wa kubadilishwa, boliti haitambui tena spana. Mwenye gundi hakutetereka: tuilaze pikipiki ubavu, tuimwage oili chafu kupitia tundu la kujazia. Tukailaza barazani. Oili ya injini hii haifiki hata lita moja na nusu, lakini ikitandaa kwenye saruji utadhani ni ya lori.

"Baba Zuwena," mke wangu akasema kutoka dirishani, kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo ninayoiogopa, "hilo dude au mimi."

Nikapelekwa eneo la Gerezani kwa mzee mkerezaji. Aliikagua gundi kama mtu anayesoma barua ya matusi. Kuna njia tatu, alisema: kutanua tundu na kuweka boliti nene ya milimita 14, kuingiza uzi wa waya wa chuma cha pua, au kukereza bushi yenye uzi ndani na nje, ikae humo moja kwa moja. Akachagua bushi bila kuniuliza, maana alishanisoma kwamba mimi ni mtu wa kupita gereji nyingi.

Tapu ya kukatia uzi aliipaka grisi ili inase unga wa aluminiamu usiangukie ndani, kisha akawa anaizungusha nusu duru mbele, robo duru nyuma, kila mara akichungulia kama imesimama wima. Ikilala hata kidogo, alieleza, kichwa cha boliti hakikai sawa na oili itapenya hata uzi ukiwa mpya. Alipomaliza akapitisha oili ya bei rahisi ndani, akaimwaga, akaweka washa mpya ya aluminiamu. Washa ndiyo inayoziba, mjukuu wangu, si msuli. Akafunga kwa spana fupi, mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika kikombe cha kahawa.

Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya sabuni niliyosugulia baraza.

Oili bado nabadilishia kwa fundi wangu wa mtaani, kwa sababu ni jirani na ananikopesha. Ila sasa nasimama pembeni yake, bomba la maji nimelikalia. Ameongeza bei: kubadilisha oili ni ileile ya zamani, kubadilisha oili mwenye pikipiki akiwa anaangalia ni nyingine.