Senti Kumi za Lifti

Katika ukoo wetu mimi ndiye mtafuta bei. Mtu akitaka friji, akitaka turubai la harusi, hata akitaka sanda nzuri isiyoumiza mfuko, simu inaita kwangu. Ndiyo maana binti wa Shangazi, muuguzi huko München, alipomwita mama yake akamwone mjukuu, kazi ya kukata tiketi na kumsindikiza bibi huyo wa miaka 71 iliniangukia mimi. Nikakesha na simu usiku tatu. Nikagundua kwamba tukishukia Napoli, Italia, siku ya Jumatatu, kisha Ijumaa tukapanda ndege nyingine ya München, tunaokoa karibu theluthi ya nauli. Hizo siku za katikati nikazitafutia chumba cha rahisi. Mwanzo wa Novemba watalii wamepungua na bei zimelegea. Nikapata vitanda viwili karibu na Piazza Garibaldi, kilipo kituo kikuu cha treni, kwa fedha ambazo Kariakoo zingenipa gesti yenye mbu na muziki wa jirani. Kwenye tangazo palikuwa na alama ya lifti, na pembeni yake maneno mawili ya Kiitaliano ambayo niliona hayana haja ya kutafsiriwa.

Uwanja wa ndege tulipanda Alibus, euro 5 kila mmoja, badala ya teksi. Shangazi alikaa ameegemea sanduku lake, lililozungushwa kamba ya katani mara sita. Mtu wa Tanga hafungi sanduku kwa mkanda wa dukani wakati mkonge upo.

Jengo tulilipata bila shida. Lango kama la ngome, na pembeni yake kibao cha shaba: PENSIONE, ghorofa ya 4. Shangazi akasoma polepole, akasimama, akaweka mkono kiunoni.

"Hii ndiyo ofisi ya pensheni?"

Nikamweleza kwamba kwa Waitaliano hilo ni jina la nyumba ya wageni, gesti tu. Hakutaka kusikia. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mafao yake yaliingia kwenye mzunguko wa faili ambao Shangazi amekuwa akiufuata hadi leo. "Nimezungushwa Tanga, nimezungushwa Dar," akasema, "kumbe faili liko Napoli."

Lifti ilikuwa kizimba cha wavu wa chuma katikati ya ngazi, na ndani yake kisanduku cha mbao kilichong'arishwa na mabega ya watu. Mlango wa wavu unafunga kwa mkono, kisha ndani unafunga milango miwili midogo kama ya kabati la vyombo. Tulijibana na sanduku moja, nikafunga kila kinachofungika, nikabonyeza 4. Kimya. Nikabonyeza tena, safari hii kwa heshima. Ndipo nikaona, chini ya vitufe, kijibati chenye tundu jembamba na maandishi ya kalamu: senti 10.

Ndiyo yale maneno mawili. Napoli majengo mengi ya zamani yana lifti za sarafu: wakazi wana funguo zao, mgeni anachangia umeme na mafuta ya mashine. Mimi mfukoni nilikuwa na euro 600, zote noti, maana duka la fedha za kigeni halikuuzii sarafu. Tajiri mzima nimesimama ndani ya kabati, sina senti kumi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka chumba cha rahisi Napoli sharti apande. Lakini Shangazi ana magoti ya miaka 71, na ghorofa ya nne ya kule si ya nne ya Mwenge. Dari ziko mbali na sakafu kama za msikiti, tena kati ya chini na ghorofa ya kwanza wamechomeka kighorofa kingine ambacho hakihesabiwi na mtu ila miguu.

"Twende hapo jirani tukavunje noti," nikasema. Ng'ambo ya mtaa paliandikwa BAR.

"Baa?" Shangazi akajifunga mtandio upya. "Mimi? Saa nne asubuhi?"

Nikaapa kwamba baa ya Kiitaliano ni duka la kahawa. Akaniambia niende mwenyewe nikaape huko huko. Basi nikamwacha analinda mizigo, nikaingia, nikaagiza kahawa mbili za euro 1.20 kila moja, nikatoa noti ya 50. Mwenye kaunta aliitazama ile noti kama mtu aliyeletewa ng'ombe kulipia mchicha. Akahesabu chenji polepole, mojamoja, ili niumie: noti mbili za 20, moja ya 5, sarafu ya euro 2, ya senti 50, na ya senti 10. Moja. Kwa kahawa mbili na aibu nilikuwa nimenunua safari moja ya lifti.

Ya Shangazi niliitoa nje kwenye kikombe cha plastiki chenye ukubwa wa kizibo. Nilitegemea lawama. Akainusa, akaonja, akafumba macho. "Hii ni kahawa ya barazani kabisa. Kashata iko wapi?"

Sarafu ikaenda naye yeye na sanduku moja. Mimi nikabeba mawili kwa ngazi. Nilikuwa nimefika pale ambapo mtu huanza kukumbuka madeni yake, kama ghorofa ya pili na nusu, jengo zima likaanza kupiga kelele. Chini mwanamke anaita "Ascensore!", juu yangu mwanamume anaita "Ascensore!", mtu mwingine anagonga chuma kwa ufunguo. Nilipofika nne nikihema nilimkuta Shangazi kasimama koridoni, mkono kichwani.

"Mwanangu, kuna msiba. Wanamlilia mtu anaitwa Shensore."

Kumbe alishuka akaacha mlango wazi. Lifti za namna ile mlango ukiwa wazi haziendi kokote hata uzitilie dhahabu, na watu wa nyumba nzima walikuwa wakiililia lifti yao. Nikaufunga. Kelele zikakatika kama redio.

Mapokezi kulikuwa na mzee mmoja, sweta la kijivu, miwani kwenye paji. Shangazi akamsalimia kwa Kiswahili, mzee akajibu kwa Kinapoli, na kwa muda wote tuliokaa wale wawili hawakuona sababu ya kubadilisha utaratibu huo. Mvutano ulikuja mara mbili tu. Kwanza mzee alitaka pasipoti, kwa kuwa sheria ya Italia inamtaka mwenye nyumba ya wageni kupeleka taarifa za wageni wake polisi ndani ya saa 24. Shangazi aliikamata ya kwake kwa ncha, mzee akaikamata kwa ncha nyingine, wakaisoma pamoja. Pili ikaja kodi ya wageni: kwa kila kichwa, kwa kila usiku, na haikuwa ndani ya bei niliyojisifia nayo. Hiyo nilitakiwa kuijua. Niliilipa kwa sauti ya chini.

Chumba kilikuwa safi, kirefu kuliko kilivyokuwa kipana, na baridi. Chini ya dirisha palikuwa na mabomba ya chuma ya kupashia joto, nikayashika: yamelala. Nikamwita mzee. Akanionyesha kalenda ukutani na kuweka kidole juu ya tarehe 15. Napoli majengo ya makazi yana msimu wa joto uliowekwa kisheria, kuanzia 15 Novemba hadi 31 Machi, si zaidi ya saa 10 kwa siku, na chumba chetu kilikuwa kinategemea joto la jengo zima. Sisi tulikuwa tunaondoka tarehe 8. Ndiyo maana bei zilikuwa zimelegea. Shangazi alilala na kanga nne, baibui na soksi zangu.

Msala nao ulikuwa na siri yake. Kopo la Shangazi lilikuwa limesafiri kutoka Tanga likiwa limeviringishwa ndani ya gauni la Idi, maana alikuwa ameshasikia habari za Wazungu na karatasi zao. Aliingia nalo. Akatoka nalo kavu, uso umemng'aa.

"Mwanangu, hawa ni watu. Wanatawaza hawa!"

Alikuwa ameona bide, lile beseni la chini lenye bomba lake. Nikamwambia kwamba Italia si hiari: tangu 1975 kuna amri ya wizara kwamba kila makao yawe na bafu angalau moja lenye bide. Akaniuliza kwa nini mambo ya maana kama haya hayatangazwi kwenye taarifa ya habari. Tangu hapo kila kosa la Waitaliano, kuanzia pikipiki zinazopita mtu kwapani hadi mkate unaolipiwa kwa kukaa tu mezani, lilisamehewa kwa hoja moja: wanatawaza.

Usiku ule ule akafua. Kwenye bafu palikuwa na kamba nyembamba imening'inia kutoka juu, na mtu wa Pwani akiona kamba bafuni hahitaji maelezo. Akatundika kanga mbichi. Mara kengele ikalia mapokezi, ikalia bila kupumua, na mzee akaja mbio na ndala moja, anagonga mlango, "Signora! Signora!" Shangazi kutoka ndani: "Hodi gani ya kimgambo hiyo?" Ile ni kamba ya dharura, ya kuvutwa na mtu aliyeteleza akioga, na kanga mbichi ilikuwa inaivuta kwa uzito wake wote. Mzee aliingia akitegemea kuona mguu uliovunjika, akakuta ua jekundu linadondosha maji. Alikaa kwenye kiti changu akacheka mpaka miwani ikamshukia mahali pake. Asubuhi nilikuta ametufungia kamba ya kuanikia dirishani.

Jumanne tuliamua kujistarehesha. Nikampeleka Shangazi Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, kwenye vitu vilivyofukuliwa Pompeii baada ya mlima Vesuvio kuuzika mji mwaka 79. Yamefungwa, Jumanne ndiyo siku yao ya kupumzika. Kwenye kibao nikasoma pia kwamba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kuingia ni bure. Jumapili ya kwanza ilikuwa juzi, nasi tulikuwa tumekaa uwanja wa ndege tukisubiri tiketi yangu ya rahisi. Kwa hasira nikamkalisha Shangazi kwenye meza ya mkahawa wenye vitambaa vyeupe. Kahawa ile ile niliyoinywa kwa 1.20 nimesimama ikawa zaidi ya mara tatu kwa kuwa tulikuwa tumeketi. Wenyeji wote walikuwa kaunta, wanalipa, wanameza, wanaondoka, hata joto la kiti hawalitamani.

Kilichompeleka Shangazi baa ni sadaka. Mzee wa mapokezi alimweleza kwa mikono kitu kinachoitwa caffè sospeso: Mnapoli mwenye furaha hulipia kahawa mbili, akanywa moja, ya pili ikabaki inamngojea yeyote asiye na kitu atakayeingia kuulizia. Shangazi alinyamaza muda mrefu. "Kama sadaka inaingia humo," akasema, "na mimi naingia." Kesho yake saa moja asubuhi alisimama kaunta na mtandio wake kati ya mafundi bomba, akalipa mbili, akanywa moja, na kuibeba chenji ya senti kwenye pindo la kanga. Maana hilo lilikuwa limeshamkaa kichwani: senti 10 haitumiki kwa kitu kingine chochote. Alizifunga fundo.

Lakini hata lifti hakupenda kuihonga bila sababu. Toka dirishani alikuwa ameona mama wa ghorofa ya tatu akishusha kikapu kwa kamba hadi dukani chini, kinajazwa, anavuta. Alhamisi nikiwa barabarani natafuta chakula, nikasikia jina langu linaitwa kama niko Ngamiani. Nikatazama juu. Kikapu cha ukindu, zawadi ya mkwe wa München, kilikuwa kinashuka taratibu ukutani kikiyumba, kimefungwa kamba ya katani iliyotoka kwenye sanduku. Kikapita nguo za watu, kikakwama kwenye antena, kikanasuliwa kwa fimbo na yule mama wa tatu, kikatua mbele ya muuza matunda.

Shangazi akaonyesha chenza. Muuza matunda akaonyesha vidole vitatu. Shangazi, kutoka ghorofa ya nne, akaonyesha kimoja. Mwanamume akakusanya vidole vyote vya mkono pamoja, vikitazama juu, akautikisa mkono. Kule maana yake ni "unataka nini wewe?" Shangazi akadhani anaambiwa asubiri, akasubiri. Alisubiri ameegemea dirisha, bila haraka, kama mtu aliyezungushwa na faili tangu 1977. Foleni ikajikusanya nyuma ya kikapu. Mwishowe muuza matunda akapandisha mabega, akaonyesha viwili, akajaza, na juu yake akatupia limau la bure.

"Za Muheza zinazidi utamu," Shangazi aliniambia tukizimenya kitandani na soksi zangu miguuni mwake, "lakini huyu kijana anajua biashara."

Ijumaa mzee alitushusha mwenyewe kwa ufunguo wake, safari tatu, hakutaka sarafu. Shangazi akamwachia kopo. Sijui alielewa ni la nini. Alilishika kwa mikono miwili.

Jioni ile München, binti yake alitupokea akatuingiza kwenye lifti ya nyumba yao: kioo, taa, vitufe vinavyowaka. Akabonyeza 6. Nikatazama pembeni. Shangazi alikuwa ameshafungua pindo la kanga kwa meno, ameshika senti 10 kati ya vidole viwili, na kwa mkono mwingine anapapasa ukuta wa lifti, chini ya vitufe, juu ya vitufe, pembeni ya kioo, anatafuta tundu.

"Mama, unatafuta nini?"

"Tulia wewe. Funga milango vizuri."