Jumamosi ya Kumbikumbi

Jumamosi jioni hapa Nassa, kijana ambaye hajaoa wala hana ng'ombe wa kuswaga ana mambo mawili tu ya kufanya. La kwanza ni kukaa kando ya barabara kuu, kutazama mabasi ya Musoma yanavyokimbilia Mwanza na kubishana ni lipi litatangulia kufika. La pili ni kwenda kwa mtu. Jumba la sinema hatuna, Mwanza ni nauli, na benchi za banda umiza zina misumari inayokumbuka kila suruali iliyowahi kukaa pale.

"Kwa mtu" siku hizi ni kwangu. Sikupigiwa kura. Chumba changu ndicho chenye kibaraza, basi.

Sasa, Wasukuma tulishaiwekea starehe sheria zamani. Tangu karne ya 19 ngoma zetu zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na wakishindana hakuna jopo la majaji wala kadi za alama. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wanahukumu kwa miguu: ulikosimama ndiko ulikopiga kura. Ndiyo maana huyu huja na chatu, yule na fisi, na mwingine anacheza juu ya miguu ya miti. Kule Bujora, sherehe za Bulabo za mwezi Juni bado zina mashindano ya namna hiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu kijana yeyote anayekaribisha wenzake nyumbani Nassa huwa ameingia mashindanoni bila kujiandikisha, na hana chatu.

Kundi letu ni mwalimu wa jiografia, fundi simu, dada wa duka la pembejeo, bodaboda mmoja ambaye hukaa upande upande kama anayetaka kuondoka, na mimi. Ua tunaopanga una vyumba sita, bomba moja na mita moja ya umeme ya LUKU. Mita nitaifikia.

Tulianza na muziki. Fundi simu alikuja na sabufa ya mteja aliyemwachia "aiangalie", naye akaiangalia kwa sauti ya mwisho. Bahati mbaya uani kwa jirani kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Kwaya za Nassa usizichukulie mchezo. Wamisionari wa CMS walikuwa na kituo hapa tangu karne ya 19, na mwaka 1909 wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission, kwa hiyo pale unapambana na koo zilizoanza mazoezi kabla babu yako hajazaliwa. Dada wa pembejeo alitumwa kwenda kuwaomba wapunguze. Hakurudi. Mwalimu akatumwa kumfuata dada. Nilipochungulia juu ya ukuta, dada yuko sauti ya pili, mwalimu yuko besi, na wote wameshapewa chai.

Bao nalo lilitushinda kwa njia yake. Mwalimu Nyerere, ambaye kwao Butiama unafika kwa kuifuata barabara hii hii ya Musoma, alilipenda sana bao, nasi tukaona mchezo uliomfaa yeye hautatushushia hadhi. Mashimo 32, kete 64, na washauri wasio na idadi. Ukitoa bao nje hapa kwetu wazee huota kama uyoga. Wa kwanza anasimama nyuma yako akiguna. Wa pili anakushika mkono kabla hujasambaza kete. Kufika saa kumi na mbili wazee ndio wanaocheza, na wenyeji wa kibaraza wametumwa maji ya kunywa.

Ndipo mwezi Novemba tukaamua tuangalie sizoni ya Kikorea. Ndani, mlango umefungwa, wazee wasione. Laptopu ilikuwa ya mwalimu na betri yake ilishastaafu, ikachomekwa ukutani moja kwa moja. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mwalimu alijitolea kutafsiri kama Lufufu wa enzi zile za kanda za video. Tofauti ni kwamba Lufufu hakuwa mwalimu wa jiografia. Kila ulipotokea mlima, picha ilisimamishwa tuelezwe umefanyikaje. Binti kwenye skrini alikuwa analia kwa mapenzi, sisi tunasoma mikunjo ya ardhi.

Mita ikaanza kulia, kisha giza.

Kanuni ya ua wetu ni kwamba umeme ukiisha, kila mpangaji anakuwa amelala. Dakika moja kabla kulikuwa na redio tatu na mtoto anayekaririshwa jedwali la sita. Sasa kimya, hata mtoto anakoroma. Tukachangishana shilingi elfu mbili, tukanunua kwa simu, zikaja tarakimu 20. Mita yetu imefungwa juu ya mlango wa mama mwenye nyumba, nadhani kwa sababu za kiulinzi. Fundi simu akapanda kwenye stuli abonyeze, kwa kuwa yeye ndiye mwenye vidole vya kazi. Mwalimu akawa msomaji. Simu ya kumulikia haikuwepo, maana zote zilikuwa zikingoja huo umeme ili zichajiwe, isipokuwa ile yenye ujumbe na ya bodaboda, isiyo na tochi. Kwa hiyo bodaboda akasogeza pikipiki na kuwasha taa ya mbele.

Kwa tarakimu nane za mwanzo tulikuwa timu. Ya tisa, bodaboda akapigiwa na abiria. Akasema "nakuja sasa hivi", na taa yetu ikaondoka kwenda Lamadi.

Gizani, mwalimu alisoma "sita" na fundi akasikia "saba". Mita ikakataa. Wakarudia, safari hii fundi akasikia "sita" kila mahali. Mita ikakataa tena. Mwalimu akaanza kusoma kama anayeita mahudhurio darasani, fundi akamjibu kama mwanafunzi mtoro, na mlango ukafunguliwa. Mama mwenye nyumba alikutana uso kwa uso na magoti ya fundi simu.

"Mwadila, mayu," fundi akasalimia kutoka juu. Adabu kwanza.

Mama hakuitikia. Alimwambia ashuke, akapanda mwenyewe bila miwani, akabonyeza zote 20 kwa kichwa. Taa zikawaka. Tulipomuuliza alizijuaje, akasema kwa kelele tulizopiga, hata aliyelala Magu angekuwa ameshazikariri.

Mchana wa siku hiyo mvua ya vuli ilikuwa imenyesha, ile ya mwanzo mwanzo. Anayeijua hali hiyo ameshaelewa kilichofuata. Taa ya uani ilipowaka wakatoka ardhini, wakatoka kwenye kichuguu cha nyuma ya choo, wakatoka nisikokujua: kumbikumbi. Waliingia kwenye soda, kwenye wali, kwenye nywele za dada wa pembejeo zilizokuwa na siku moja tangu zisukwe. Skrini ilifunikwa mbawa mpaka tukawa hatujui nani anambusu nani. Mimi nikapiga kelele wazime taa ya nje.

"Nani azime?" mama mwenye nyumba akauliza. Alikuwa ameshaleta beseni la maji, analitega chini ya taa.

Huo ndio wakati nilipoiona sheria ya Bagika na Bagalu ikifanya kazi. Wapangaji wote "waliolala" waliamka na sufuria. Mtoto wa jedwali la sita akaja na ndoo. Kwaya ya jirani ikaruka ukuta, besi wakitangulia. Wageni wangu, niliowapikia wali na kuwanunulia soda, waliniacha na laptopu. Fundi simu, aliyekuwa akijieleza kwamba tumbo lake ni la samaki tu, alikuwa amepiga magoti akifagia kumbikumbi kwa kandambili. Binti wa Kikorea alifia mapenzi peke yake chumbani, na mpaka leo hakuna anayejua walimzika wapi.

Wakakaangwa bila mafuta, chumvi kidogo, moto wa kuni katikati ya ua. Mama yake mama mwenye nyumba, bibi ambaye kwa kawaida saa mbili yuko kitandani, akatolewa na kigoda. Zamani shikome, ule moto wa jioni wa uani, ulikuwa wa wazee wa kiume na wavulana wao. Bibi alitueleza kwamba wakati huo wanawake walikuwa jikoni wakiwa na vitendawili vizuri zaidi, na akaanza kuthibitisha.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nampa namba ishirini, ananipa jua usiku."

Watu waliosumbuka na mita nusu saa nzima walikuna vichwa. Mwalimu akasema ni mwezi. Mtu wa besi akasema ni mchungaji, hakuulizwa zaidi. Bibi akadai mji. Tukampa Dubai, akaikataa: atafikaje? Tukampa Magu, akakasirika. Nassa ilikuwa chini ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, mpaka mwaka 2012 tulipoingizwa Busega katika mkoa mpya wa Simiyu bila mtu kuhama nyumba. "Mnanilipa mali yangu mwenyewe," alisema. Alikubali Mwanza jiji, pamoja na daraja la Kigongo–Busisi kama nyongeza, ndipo akatuambia jibu: LUKU. Bodaboda alirudi kutoka Lamadi saa tano, akawakuta watu zaidi ya thelathini uani, akauliza nani ameoa.

Hesabu ya miguu inasema wazi: usiku ule alishinda mama mwenye nyumba kwa beseni moja la maji, na mimi mwenye sizoni, wali na soda sikupata hata mtazamaji. Sijapanga ratiba tena. Wakija wakikuta mvua, tunatega beseni. Wakikuta kiangazi, bibi anatega vitendawili. Wakikuta kwaya, tunaimba.

Nawe karibu Jumamosi yoyote. Njoo na kigoda chako na chumvi, kama ni bodaboda zima simu, na mchango wa LUKU unalipwa mlangoni kabla ya kuingia.